Mzazi akipewa kifungo cha nje, familia ifanye nini?

Katika mwalo wa Kibirizi, Kigoma, dagaa waliovuliwa usiku huanikwa asubuhi na kugeuzwa juani mpaka wakauke. Mama anayelisha watoto kwa kazi hiyo akifungwa miezi sita kwa kosa dogo, adhabu haiishii kwake. Sheria ya Magereza inaruhusu mtoto mchanga aingie naye hadi aache kunyonya. Wakubwa hubaki kwa bibi Ujiji, na uji wa asubuhi unaweza kuwa wa kwanza kukosekana.

Kuna njia nyingine. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kumpa mkosaji kazi za jamii bila malipo badala ya kumpeleka gerezani, pale kifungo kinachomstahili hakizidi miaka 3. Kazi hizo ni kama usafi wa hospitali na shule, kupanda miti au kutengeneza barabara. Anafanya saa alizopangiwa, kisha anarudi kulala nyumbani.

Wengi huita adhabu hii kifungo cha nje, na huichanganya na kuachiliwa kwa sharti la kutotenda kosa jingine. Anayeachiliwa hivyo hapangiwi kazi.

Hakimu halazimiki kutoa adhabu hii. Kwanza huangalia kosa lenyewe na mwenendo wa mtu, na mkosaji mwenyewe lazima akubali. Afisa uangalizi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, humwandalia taarifa kuhusu maisha yake.

Hapo ndipo ndugu wana nafasi. Afisa akifika, aelezwe ukweli: nani yupo nyumbani, nani ananyonya, nani anatumia dawa kila siku na nani humpeleka kliniki. Ndugu wanaoficha mambo kwa aibu humnyima hakimu sababu ya kumrudisha mzazi kwa watoto wake.

Adhabu ikishatolewa, si ruhusa ya kukaa tu. Asiyefika kazini bila sababu huripotiwa, na mahakama inaweza kuifuta amri hiyo na kumpa adhabu nyingine, kikiwemo kifungo cha gerezani. Akiugua, au mtoto akilazwa, afisa aambiwe mapema.

Saa hizo hazilipwi, hivyo kipato kitapungua. Shangazi au jirani anaweza kugeuza dagaa wakati mama yupo kazini, na baba akabeba zamu ya kliniki.

Watoto nao waambiwe, kwa maneno mepesi: mama alikosea, anafanya kazi ya kulipia kosa, jioni atakuwa nyumbani. Mtoto anayesikia habari hizo kwanza kwa wenzake shuleni anaweza kuanza kukojoa kitandani, kukosa usingizi au kukataa shule. Dalili hizo zikiendelea kwa wiki kadhaa, apelekwe kituo cha afya kilicho karibu.