Istilahi za Kompyuta za Shule: Kazi Hufanyika Wapi?

Miongoni mwa majina yanayowatatiza wafasiri wa nyaraka za elimu ni lile la kompyuta ndogo zinazounganishwa na kompyuta moja kubwa, yaani seva. Jina la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "mteja mwembamba". Tafsiri hii haifai. Kwa Kiswahili mteja ni mtu anayenunua au kuhudumiwa, na wembamba ni sifa ya umbo. Msomaji atadhani kinachotajwa ni ukubwa wa kifaa, kumbe ni mahali kazi inapofanyika.

Katika mpango huo programu huendeshwa ndani ya seva. Mashine ya mwanafunzi hupeleka mibonyezo ya vitufe na kupokea picha tu. Kwa kuandika barua mpango huu watosha, tena hupunguza gharama. Kwa programu nzito za michoro sivyo.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa jiografia wilayani Karatu anayetaka wanafunzi wazungushe kwenye kioo sura ya Kreta ya Ngorongoro, yenye kina cha mita 600 hivi. Kioo chenye nukta 1024 kwa 768, kila nukta ikiwa na biti 24, huhitaji biti milioni 19 hivi kwa picha moja. Picha 25 kwa sekunde ni biti milioni 472 hivi. Waya unaopitisha biti milioni 100 kwa sekunde hauwezi kubeba mzigo huo usipobanwa, hata kwa mwanafunzi mmoja. Na seva yapaswa kulichorea darasa zima.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Kompyuta tegemezi: ile ambayo programu zake huendeshwa na seva.

(b) Kompyuta nusu tegemezi: ile inayopata mfumo wake kutoka kwenye seva, lakini huendesha programu yenyewe.

(c) Kompyuta huru: ile yenye mfumo wake na inayofanya kazi zote yenyewe.

Huko Karatu, shirika la Powering Potential la Marekani limefunga kompyuta zitumiazo umeme wa jua katika shule za sekondari, ikiwemo Banjika. Baadhi ni za aina ya Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012. Ubao wake watosha kiganjani, lakini waweza kuendesha programu wenyewe. Na ukifungwa kwa namna nyingine, huweza kuwa tegemezi. Jina, basi, halina budi kufuata matumizi wala si umbo.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Ofisa anayeandika "kompyuta nyembamba" katika hati ya zabuni aweza kuiletea shule mashine zisizoweza somo lililokusudiwa, na fedha zikishatumika, kamusi haitazirudisha.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watuletee maoni yao, hasa juu ya istilahi (b), kabla hazijasanifiwa.