Skuli ya Mezani: Mwaka Mmoja na Nusu wa Kumsomesha Mtoto Nyumbani

Tangu tulipogusia habari hii kwenye kipindi cha malezi, mmeniuliza maswali mawili yale yale. Hivi kweli inaruhusiwa kutompeleka mtoto skuli huku England? Na kama inaruhusiwa, mnafanya nini kutwa nzima? Kwenye maikrofoni tulicheka zaidi kuliko kueleza, basi leo naandika kirefu kidogo.

Tuanze na sheria, tuimalize. Kinacholazimishwa huku ni elimu, skuli yenyewe hailazimishwi. Sheria ya Elimu ya 1996, kifungu cha 7, inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayolingana na umri na uwezo wake, kwa kwenda skuli au kwa njia nyingine. Hayo maneno ya "njia nyingine" yalikuwemo tangu sheria ya 1944. Wajibu unaanza muhula unaofuata baada ya mtoto kutimiza miaka 5. Kama ameshaandikishwa skuli ya kawaida, unamwandikia mwalimu mkuu barua kuwa unamtoa. Hulazimiki kufuata mtaala wa taifa wala kuwa na cheti cha ualimu. Halmashauri inaweza kukuuliza mtoto anasomaje. Sisi tuliwajibu kwa kurasa mbili na picha za madaftari. Pesa hawatoi hata senti. Vitabu unanunua mwenyewe, na akifikia mitihani ya GCSE, ada unalipa mwenyewe. Jueni pia kuwa Desemba 2024 serikali ilipeleka Bungeni muswada wenye mpango wa daftari la watoto wasiosoma skuli, kwa hiyo kabla hujaamua, soma sheria ilivyo siku hiyo.

Sasa, kwa nini tulimtoa? Bwana Mdogo alianza darasa la awali Septemba akiwa na miaka 4. Alikuwa anaongea Kiswahili cha bibi yake, cha Ng'ambo kule Unguja, na Kiingereza cha katuni. Kufika Krismasi alikuwa amenyamaza. Darasani haongei, na nyumbani akifungua mdomo ni Kiingereza tu. Mwalimu mmoja alitushauri, kwa nia njema, tuache Kiswahili nyumbani ili mtoto asichanganyikiwe. Halafu siku moja bibi yake kapiga simu, anamwambia: "Bibi, sema vizuri." Yaani aseme Kiingereza. Mie na baba yake tukatazamana. Sisi kizazi hiki tunajua hilo linaishia wapi, maana kila ukoo huku una binamu anayeelewa kila neno la mama yake lakini hawezi kumjibu.

Tukaandika barua. Februari akaanza skuli ya mezani.

Siku yetu iko hivi. Baba yake anafanya kazi ya usiku kwenye ghala, anarudi saa 1 asubuhi. Wanakunywa chai pamoja, anamsomea kitabu kimoja, halafu anakwenda kulala. Saa 3 naanza mimi. Masomo ya mezani hayazidi masaa mawili, na watu hawaamini nikiwaambia. Lakini fikiria: skuli za serikali huku, darasa la watoto wadogo lina kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu. Mimi ninaye mmoja. Akikwama namwona hapo hapo, akielewa tunasonga. Kinachobaki cha siku ni maktaba, kuogelea, na Alhamisi tunakutana bustanini na familia nyingine zinazosomesha nyumbani. Jikoni anapima vikombe vya unga, na chapati ikishaiva anaikata nusu, kisha robo, kabla hajaila. Mimi kazi yangu ya hesabu za watu naifanya jioni, siku tatu kwa wiki.

Kusoma ndiko kulikonishangaza. Nilianza na Kiswahili: ba, be, bi, bo, bu. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake, haibadiliki. Baada ya wiki kama nane alikuwa anasoma maneno kwenye pakiti za viungo anazotuletea shangazi yangu. Skuli za England, tangu 2012, huwapima watoto wa mwaka wa kwanza kwa maneno 40, na 20 kati yake hayana maana yoyote, kuona kama mtoto anaweza kuunganisha sauti za herufi. Kwa Kiswahili, karibu kila neno jipya analisoma kwa njia hiyo hiyo. Tulipohamia Kiingereza ufundi ule aliuchukua, ila alipofika kwenye "one" na "said" alikasirika kweli kweli. Kiswahili nacho kina mitego yake: ng'ombe na ngoma bado anazichanganya, na "gh" ya ghali inamtoa jasho.

Kwenye kuhesabu, kumi na moja inajieleza yenyewe, ni kumi, na moja juu yake. Lakini ishirini, thelathini na arobaini, zilizotoka kwenye Kiarabu, ilibidi azikariri tu.

Jumanne ni siku ya Bibi. Mama mkwe wangu alisomesha skuli ya msingi Unguja hadi alipostaafu, na somo halianzi mpaka asikie "shikamoo". Akimwita, jibu ni "naam", na akisema "what" simu inanyamaza mpaka ajirekebishe. Simu hiyo ndiyo iliyomfundisha saa. Huku kwetu skrini inaonyesha 10:00, nasi tunasema saa 4 asubuhi, maana saa ya Kiswahili inahesabu kuanzia jua linapochomoza. Wakati huo kwa Bibi ni saa 6 mchana. Saa za huku zikirudishwa nyuma Oktoba, kwa Bibi inakuwa saa 7. Bwana Mdogo alichora saa mbili kwenye karatasi, akazibandika kwenye friji, na sasa anatoa sita na kujumlisha mbili au tatu bila kuambiwa.

Upinzani mkubwa umetoka kwa baba yangu. Babu alikuwa na miaka 8 elimu ilipotangazwa kuwa bure Zanzibar mwaka 1964. Kwake yeye dawati ni kitu cha heshima. Alikuja kwetu, akakaa, akasema: "Mwanangu, mie nimevuka bahari ili nyie mkae kwenye dawati. Leo wewe unamtoa mtoto kwenye dawati unamkalisha jikoni?" Nikamwambia, "Baba, jikoni ndiko wewe ulikonifundisha Kiswahili." Akasema hayo ni mengine. "Cheti atakipata wapi?"

Swali hilo ni la haki, na kusema mitihani ataifanya kama mtahiniwa wa nje hakumtulizi. Ila kila Ijumaa baada ya sala anakuja na bao lake. Mashimo 32, kete 64, na mtoto anagawa kete bila kugusa kidole. Babu anasisitiza kuwa hiyo siyo skuli.

Magumu yapo. Mshahara wangu umepungua karibu nusu, likizo za familia tumezisahau. Kuna siku naota dakika kumi za kukaa peke yangu. Na yeye mwenyewe ameanza kusema anataka timu ya mpira ya kila siku, wale wale watoto, siyo wa Alhamisi tu. Hilo sitaki kulipuuza. Kumrudisha kunawezekana, nafasi huombwa kupitia halmashauri, lakini skuli ya karibu inaweza kuwa imejaa.

Mkiniuliza kama nanyi mfanye, nitawauliza: nani nyumbani atazungumza Kiswahili na mtoto kutwa, hata akichoka? Kama hayupo, kumtoa skuli kutampa Kiingereza cha nyumbani badala ya cha darasani. Na kama yupo, huenda jioni na Jumamosi zikatosha, mtoto akabaki skuli. Najua familia kadhaa zinazofanya hivyo, na watoto wao wanaongea.

Wiki iliyopita Bwana Mdogo alimtania Bibi kwa Kiswahili, Bibi akacheka mpaka simu ikamponyoka. Aprili anatimiza miaka 7. Tumekubaliana na Babu kuwa tutakaa kikao siku hiyo, mtoto naye awepo, tuamue. Tutawaambia.