Vakansi huko Bwegera: namna ya kutazama ndege na nyama wa pori



Vakansi ikifika, wengi wetu wanarudi Bwegera, Luberizi ao Sange, na kisha siku tatu wanaanza kusema: huku kijijini hakuna kitu cha kuona. Si kweli. Huku kwetu Plene, mto Ruzizi, mashamba ya mupunga yenye maji na milima vinakaribiana, na kila pahali pana ndege zake. Kazi ni kujua saa na pahali.

Saa nzuri ni tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu. Jua likiisha kuwa kali, ndege wananyamaza na kukaa kivulini. Tembea polepole, jua likiwa mgongoni mwako, la sivyo utaona kivuli cheusi tu. Jumeli ni kitu kizuri, lakini nani kati yetu iko nayo? Macho yanatosha. Manati iache nyumbani: pahali watoto wanapopiga ndege, ndege wanaruka ungali mbali sana.

Anza kwenye mupunga. Nyange, wale weupe, wanafuata ng'ombe na walimaji, kwa sababu miguu inaamsha panzi. Wasifukuzwe, hawali mupunga. Wenye kuula ni wale wadogo wa manjano wanaofuma viota kwenye mitende. Hata hao ni wa kutazama: dume anafuma, jike anakuja kukagua, na kiota kikikataliwa, dume anakibomoa na kuanza upya! Kwenye mifereji utaona pia ndege wa kahawia, kichwa kama nyundo. Kiota chake cha vijiti kinaweza kupita metre moja kwa upana. Watu wengi wanamwogopa, wanasema analeta mkosi. Yeye anatafuta vyura na samaki tu.

Tangu mwezi wa kumi mpaka wa nne mko na wageni: mbayuwayu wa Ulaya. Ndege wa gramu karibu 20 anavuka Sahara kuja kula wadudu wetu, kisha anarudi kuzaa kwao. Nyamanza mweusi na mweupe anayetembea uani akitikisa mkia, huyo ni mwenyeji, hasafiri.

Ukimwona musambi mwenye taji ya dhahabu, andika tarehe na pahali. Tangu mwaka 2012 musambi amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini duniani. Anazaa katikati ya majani ya kinamasi. Kinamasi chote kikigeuzwa shamba, hana tena pa kutaga. Na watu wanakamata vifaranga vyake kuviuza. Mtu akikuletea kimoja nyumbani, usinunue hata kwa huruma, maana kesho atarudi kinamasini kutafuta kingine.

Sasa mto, na hapa tusifanye mchezo. Ruzizi iko na viboko na mamba, zaidi kuelekea ziwani, ambako upande wa Burundi kuna Hifadhi ya Rusizi. Kiboko anatoka majini usiku kula majani na anarudi kabla ya kukucha, kwa njia ileile. Ukisimama kati yake na maji, anakimbilia maji, na wewe uko njiani. Kwa hiyo ile saa nzuri ya ndege ni saa mbaya ya mto. Ngojeni jua lipande, mwende na mkubwa anayejua pahali, na msiingie majini kutafuta picha ya mamba. Wadogo zenu wanaotumwa kuteka maji alfajiri, waambieni jambo hili kabla ya kuwaambia habari ya ndege.

Juu ya milima, huko Itombwe, kuna bundi mmoja ambaye wataalamu walimjua kwa ngozi moja tu, iliyopatikana Muusi mwaka 1951. Jina lake la elimu ni Phodilus prigoginei, kwa heshima ya Alexandre Prigogine aliyekusanya ndege nyingi za milima hiyo. Miaka 45 ilipita. Mwaka 1996 jike mmoja akanaswa katika wavu, akiwa hai, huko huko Itombwe. Basi mwenye jamaa wanaokaa huko juu awaulize kama wanamsikia usiku, na wanamwita jina gani.