King'ora cha Duka: Vihisi vya Waya au Visivyo na Waya?

Mfanyabiashara anayetaka kuweka king'ora dukani au kwenye ghala hupaswa kwanza kuchagua vihisi. Kihisi ni kifaa kidogo kinachofungwa mlangoni, dirishani au ukutani. Hutambua mlango ukifunguliwa au mtu akipita, kisha hujulisha mtambo mkuu, nao hupiga king'ora. Kabla ya kuangalia bei, angalia jengo.

Vihisi vya waya
Hivi hupata umeme kutoka kwa mtambo mkuu, kwa hivyo havihitaji betri zao. Vikiunganishwa ipasavyo, mtu akikata waya mtambo hutambua. Hata hivyo, kazi ya kutoboa kuta ni kubwa. Vinafaa zaidi kwa mwenye jengo, hasa likiwa bado linajengwa, ili waya zipitishwe kabla ya kupiga plasta.

Vihisi visivyo na waya
Hivi hutumia mawimbi ya redio na hufungwa kwa muda mfupi. Mpangaji akihama, huondoka navyo. Lakini kila kimoja kina betri inayohitaji kubadilishwa, na chuma huzuia mawimbi. Katika ghala la mabati, kontena au duka lenye rafu za chuma, fundi avijaribu milango ikiwa imefungwa na bidhaa zikiwa ndani. Baadhi ya vihisi vya bei nafuu haviwezi kutoa taarifa vikiharibika au betri ikiisha. Mwenye duka hulala akidhani amelindwa.

Si lazima kuchagua aina moja. Mitambo mingi hukubali zote mbili: waya kwenye mlango mkuu, na visivyo na waya mahali pagumu kufikika.

Kabla ya kulipa
• Hakikisha mtambo mkuu na king'ora vina betri ya akiba, kwa sababu mwizi anaweza kukata stima kwanza.
• Omba kuona usajili wa fundi au kampuni. Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya 2016 inawahusu pia wanaofunga vifaa vya usalama.
• Badilisha nambari ya siri fundi akishaondoka.
• Jaribu kila kihisi angalau mara moja kwa mwezi, stima ikiwepo na ikiwa imezimwa.