Siku Moja na Mwanangu Kwenye Njia ya Ridgeway

Wazazi wengi tulio Uingereza tuna kilio kimoja: tunasema na watoto Kiswahili, wao wanajibu Kiingereza. Mwanangu ana miaka 17 na yuko hivyo hivyo. Babu yake yuko Muheza, amepita miaka 80, na Kiingereza hakijui. Wakipigiana simu, shikamoo na marahaba zikiisha, na maongezi yameisha.

Juni hii nikampa changamoto: tutembee kutwa nzima kwenye njia ya Ridgeway, tena kwa Kiswahili tu. Akacheka, akakubali.

Ridgeway ni njia ya kilomita 139, kutoka Overton Hill, karibu na mawe ya kale ya Avebury, hadi Ivinghoe Beacon. Inafuata migongo ya vilima vya chaki, na watu wameipita kwa maelfu ya miaka. Sisi tulichagua kipande cha magharibi, zaidi ya kilomita 30, hadi kwa Farasi Mweupe wa Uffington.

Tulianza saa 12 asubuhi. Mwanzoni alikuwa kimya, anaogopa kukosea, nami sikumsukuma. Tulipofika Barbury Castle, ngome ya udongo ya Zama za Chuma, akauliza, "Baba, babu aliwahi kutembea hivi?"

Nikamweleza kwamba babu, akiwa kijana wa umri wake, alitoka kwao kwa miguu kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Maswali yakamiminika: Alikula nini njiani? Alilala wapi? Aliogopa? Mengine sikuwa na jibu.

"Basi nitamuuliza mwenyewe," akasema.

Mchana miguu ilianza kutoka malengelenge. Tulipumzika Wayland's Smithy, kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000, tukala chapati kivulini. Jioni tukamfikia Farasi: mchoro wa urefu wa mita 110 hivi, uliochimbwa kilimani miaka kama 3,000 iliyopita na kujazwa chaki. Umedumu kwa sababu kila kizazi kimepanda kuusafisha na kushindilia chaki mpya. Wangeuacha, nyasi zingeumeza zamani. Lugha nayo ni hivyo: isipotumiwa nyumbani, haichukui muda kupotea.

Jumapili iliyofuata mwanangu alipiga simu Muheza mwenyewe. Waliongea karibu nusu saa. Ngeli zilimpiga chenga na babu akacheka sana, lakini kila swali alilijibu. Siku hizi babu ndiye anayebipu.

Mkitaka kujaribu, anzeni na kilomita 10. Vaeni viatu mlivyokwisha kuvizoea, na bebeni maji ya kutosha, maana sehemu za kujaza ni chache. Chukueni na koti la mvua hata kama jua linawaka. Simu ziwe mfukoni. Mtoto akinyamaza, msiwe na haraka. Njia ni ndefu, maneno yatakuja.