Kuandika Wikipedia: Mama Aanzie Wapi?

Watoto wetu wakipewa kazi ya nyumbani siku hizi, wanakimbilia simu ya mama. Mara nyingi wanachosoma humo ni Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti iliyoanza mwaka 2001. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003. Wengi wanazani imeandikwa na maprofesa wa Ulaya. Sivyo. Inaandikwa na yeyote anayependa, bila malipo, na mama wa Kasomeno ana ruhusa ileile. Tusipoandika habari za Luapula sisi, ataziandika mtu asiyewahi kuiona, ao hazitaandikwa kabisa.

Usianze na makala mpya. Makala fupi sana huko huitwa "mbegu," na chini yake msomaji anaombwa aongeze habari. Sisi wenye kulima neno hilo tunalielewa vizuri! Fungua akaunti, jina la kubuni linatosha. Tafuta mbegu ya kitu unachokijua, gusa "Hariri," ongeza sentensi moja, eleza kwa kifupi ulichobadilisha, kisha chapisha. Kiswahili kinachotumika ni sanifu: utaandika ugali, lakini unaweza kueleza kwamba Katanga tunasema bukari.

Shida iko hapa. Ukiandika kwamba mpumbu ni samaki mtamu kupita wote, mwingine atafuta, na hatakuwa amekuonea, maana huo ni ulimi wako tu. Ukiandika kwamba mpumbu ni samaki wa Luapula anayepanda mto kutaga mayai wakati wa mvua, na ukataja kitabu ulimosoma, sentensi itabaki. Usikinakili kitabu chenyewe. Soma, funga, andika kwa maneno yako.

"Lakini mwalimu, habari zetu tulizipata kwa bibi, si kwa kitabu." Ni kweli, na kwa maoni yangu kanuni hiyo inatubana sisi kuliko wenye maktaba. Neno la mdomo peke yake halipokelewi. Lakini angalieni waliyofanya wazee wa Lubumbashi. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kiliandikisha historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu hiki. Aliyeikusanya ni André Yav. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian akaitoa katika kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Kumbukumbu za maboyi na wapishi zikawa maandishi ambayo wanachuo wanayataja. Basi kikundi kiwe na daftari: bibi aseme, msichana wa sekondari aandike, na tarehe iwekwe. Daftari hilo bado si kitabu cha kutaja, lakini mtafiti akija atakuta kitu.

Jambo la familia: usiandike habari za mtoto wako ao za jirani, wala usiweke picha zao. Kila mabadiliko yanahifadhiwa katika historia ya ukurasa, na dunia nzima inaweza kuyaona. Hata chama chetu tusikisifu wenyewe humo.

Sentensi yako ikifutwa, usigombane. Fungua "Majadiliano," uliza sababu kwa heshima, ngoja jibu. Na mama asiyesoma ana kazi yake: ndiye anayejua majina ya samaki wote wa Kasenga. Wengine wasome kwa sauti, yeye asahihishe.