Mitishamba: Tazama Ilikoota Kabla ya Kuichuma

Mama wa nyumba hujua ni jani gani linalotuliza tumbo la mtoto na ni mzizi gani wa kuchemshia mwenye homa. Lakini kulijua jani peke yake hakutoshi. Yafaa kuujua pia udongo uliolilea.

Mmea hunywa maji kwa mizizi, na pamoja na maji hayo hupanda madini yaliyomo ardhini. Katika Katanga jambo hili si geni. Huko humea ua liitwalo na wataalamu Haumaniastrum katangense, ambalo watafutaji wa madini wamelifanya ishara ya shaba iliyo chini ya ardhi. Mwaka 1911 tanuri la shaba la Lubumbashi lilianza kazi. Kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulichukua moshi na vumbi lake, na upande wa kaskazini-magharibi miti ikatoweka.

Vumbi la namna hiyo huweza kuwa na risasi na kadimiamu. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, hupunguza damu, na kwa mama mjamzito humfikia hata mtoto aliye tumboni. Kadimiamu nayo hujilimbikiza katika figo. Huko Japani, kando ya mto Jinzu, watu waliokula mpunga ulionyweshwa maji yenye taka za mgodi walipatwa na maumivu makali na kuvunjika mifupa. Mwaka 1968 serikali ilitangaza kwamba chanzo kilikuwa kadimiamu.

Wako wanaodhani kwamba moto husafisha kila kitu. La, sivyo. Kuchemsha huua vijidudu, lakini madini hayafi kwa moto. Kuosha nako huondoa vumbi la juu, wala hakuondoi kilichokwisha kuingia ndani ya jani.

Kwa hiyo, mitishamba isichumwe karibu na migodi, matanuri, majalala, wala kando ya barabara kuu. Iliyo bora ni ile iliyopandwa uani, penye udongo usio na taka. Inunuliwapo sokoni, muuzaji aulizwe ilikotoka. Ianikwe juu ya mkeka safi, si chini penye vumbi.

Mtoto akilalamikia tumbo mara kwa mara, akipauka na kudhoofu, apelekwe hospitali apimwe damu. Naye mama asione haya kumweleza mganga mitishamba yote aliyompa, kwani siri hiyo yaweza kumchelewesha mtoto kupata tiba.